Cornelius Garrahy, Aliyembeba Jaji Mgonjwa Hadi Kitini

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 1931, mahakama itakapoahirishwa jioni, Bwana Cornelius Garrahy atatundika joho lake jeusi nyuma ya mlango wa chumba cha wapambe na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ameitumikia Mahakama Kuu ya Australia kwa miaka ishirini na saba. Majaji wamekuja na majaji wameondoka, wengine kwa uzee na wengine kwa jeneza. Con, kama tunavyomwita, amebaki.

Kwa wageni watakaopata nakala hii sherehe ya kumuaga ikiendelea: mpambe ni yule anayebeba joho na vitabu vya jaji wake, anayebisha mlango na kuwaamuru watu wasimame jaji anapoingia, na anayejua ni jaji gani hataki kusemeshwa kabla ya chai. Cheo si kikubwa, mshahara ndio kabisa. Lakini mimi niliyekaa naye benchi moja tangu tulipokuwa na nywele nyeusi naweza kuapa kwamba kuna siku moja ambayo hatima ya mtu mzima ilipita mikononi mwake, na baadaye kooni mwake.

Alizaliwa Gympie, kwenye machimbo ya dhahabu, katika familia ya Kiairishi iliyokuwa na sala nyingi kuliko viatu. Kabla ya kuja kwetu alikuwa gadi wa treni kati ya Ipswich na Toowoomba, na koo lake lilizoea kushindana na injini. Marehemu Jaji Lucian Haverfield alimwona siku moja akimteremsha mlevi mkubwa wa mwili bila kumgusa hata ukosi, kwa maneno matupu, akamwuliza kama angependa kazi isiyo na moshi. Con akakubali. Asubuhi yake ya kwanza mahakamani aliita "Simameni!" kwa nguvu kiasi kwamba wakili mmoja aliangusha karatasi zake zote. Jaji Haverfield alimwinamia akamwambia, "Garrahy, humu ndani hakuna anayeshuka Toowoomba."

Miaka ile mahakama yetu ilikuwa kama sarakasi, haina kwao. Leo Melbourne, kesho Sydney, mwezi ujao Hobart kwa meli, na Perth kwa meli nyingine kwa sababu reli ilikuwa bado haijavuka jangwa. Katika safari moja ya Hobart bahari ilichafuka hadi sanduku la mawigi ya majaji likajaa maji ya chumvi. Con aliyakausha katika jiko la hoteli. Mpishi alipofungua mlango wa tanuri akaona nywele za kijivu zimejikunja kwenye sinia, alikimbia hadi barabarani akipiga kelele kwamba kuna mtu anaoka paka. Kesi ilisikilizwa kwa wakati wake. Mawigi yalinuka mkate mwezi mzima.

Kisha ikaja Brisbane, Juni ya mwaka 1907.

Wakati huo Serikali ilikuwa inawarudisha makwao watu wa visiwa vya Pasifiki walioletwa Queensland kukata miwa. Ada Safulu alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake, Mele, aliletwa Mackay kutoka kisiwa cha Malaita, na Ada alizaliwa katika safari hiyohiyo, ndani ya meli, siku mbili kabla nchi kavu ya Queensland haijaonekana. Mele aliruhusiwa kubaki kwa kuwa alikuwa mgonjwa na kipofu. Ada aliamriwa kuondoka. Apelekwe Malaita, mahali ambapo hakuwa amekanyaga hata siku moja, amwache nyuma mama asiyeweza kuiona njia ya kisimani.

Sheria ilisema wanaorudishwa ni "wenyeji wa visiwa". Wakili wake aliuliza swali moja tu: aliyezaliwa baharini ni mwenyeji wa kisiwa kipi? Hakimu wa Mackay alisema ni Malaita, mahakama ya jimbo ikasema vivyo hivyo, na rufaa ikatufikia sisi. Chini mtoni, meli ya kuwarudisha watu ilikuwa imefungwa gatini, ikingojea kung'oa nanga Jumamosi.

Majaji watano walisikiliza rufaa Jumatatu na Jumanne, wakatangaza kwamba hukumu itasomwa Ijumaa asubuhi. Nasi wapambe, ambao hatusemi kitu lakini tuna masikio, tulijua hesabu ilivyosimama. Kwa maswali waliyouliza, majaji wawili walikuwa upande wa binti na wawili upande wa Serikali. Wa tano, aliyekuwa mdogo kwao wote kwa cheo, alikuwa Haverfield, na maswali yake yalichapa pande zote mbili bila huruma.

Jumatano Haverfield hakuweza kuinuka kitandani. Kikohozi alichokuja nacho kwenye treni kilikuwa kimegeuka kichomi.

Habari ilienea jijini kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kila aliyewahi kuingia mahakamani alijua kanuni: majaji wakigawanyika sawasawa, amri ya chini inabaki ilivyo. Haverfield asipokuwepo, ni wawili kwa wawili, na Ada anapanda meli.

Mwandishi mmoja wa magazeti aliyeitwa Fitch alimnasa Con kwenye ukumbi wa hoteli.

"Con, rafiki yangu, mzee anaegemea wapi?"

"Anaegemea mto. Ni mgonjwa."

"Nipe kichwa cha habari tu, basi. Ndiyo au hapana?"

"Ukitaka kichwa, nenda bucha. Wanacho hata cha kondoo."

Fitch alicheka, lakini Con hakucheka. Ukweli ni kwamba hakujua. Alikuwa akimpanguza jaji jasho, akimnywesha mchuzi wa nyama kwa kijiko, akimgeuza ubavu, na bado hakujua.

Alhamisi mchana alipita mahakamani kuchukua vitabu, nami nilikuwa naye. Mele Safulu alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, shali kichwani, mikono mapajani. Binti yake alikuwa kizuizini, na hapo ndipo mahali pekee mjini alipopafahamu. Con alimletea kikombe cha chai yenye sukari nyingi, akamwongoza vidole hadi kwenye mkono wa kikombe.

"Wewe ndiye mtu wa yule jaji anayeumwa," alisema Mele. "Nakujua kwa sauti. Ulipokuwa ukiita watu wasimame, hata mimi nilikuwa nasimama huku nje."

"Pole, mama. Wewe hukutakiwa kusimama."

"Anaendeleaje?"

"Vibaya, mama."

"Namwombea."

Con alichuchumaa kando yake. "Mama, sijui atasema nini. Huenda unamwombea mtu atakayekunyang'anya mwanao."

"Kwani maombi ni hongo?" alijibu Mele. "Mtu anaumwa, anaombewa. Hayo mengine atayajibu mwenyewe."

Tuliporudi hotelini tulimkuta Daktari Espie mlangoni pa chumba cha jaji, pamoja na Bi Harriet, dada yake jaji, ambaye hakuolewa na ambaye kila safari alifuatana na kaka yake. Jaji Mkuu alikuwa ametoka hapo muda si mrefu. Alikuwa tayari kuahirisha hukumu wiki mbili, hata tatu. Haverfield ndiye aliyekataa.

"Garrahy!" Sauti ilitoka kitandani kama karatasi inayokunjwa. "Kesho nivalishe."

"Mheshimiwa, si uandike hukumu yako, mwenzako akusomee?"

Jaji aliinua mkono wake wa kulia. Ulikuwa ukitetemeka kama jani.

"Basi nitamkie, nikuandikie."

"Huwezi kuandika kisichokuwapo. Sijaamua."

Con alidhani homa ndiyo inayosema. Lakini macho ya mzee yalikuwa makavu na makali.

"Nataka kuwasikia wenzangu kwanza. Labda mmoja wao ameona nisichoona. Ndiyo maana tunakaa watano, Garrahy. Si kwa ajili ya kupendeza."

"Wanasema wako tayari kungoja, Mheshimiwa."

"Wangoje nini? Daktari, mwambie ukweli. Nitakuwa hai Jumapili?"

Daktari Espie alitazama viatu vyake. "Ukitulia, inawezekana. Ukitoka katika mvua hii, sidhani."

"Inawezekana, anasema. Nikifa wamebaki wanne, wawili kwa wawili, na yule binti atakuwa amefukuzwa nchini na mapafu yangu, si na sheria. Kama sheria inamfukuza, afukuzwe na sheria. Nivalishe kesho."

Bi Harriet alimfuata Con hadi ukumbini. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyofu, ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti, na hakuipandisha hata siku hiyo.

"Garrahy, yeye hawezi kutembea hatua mbili. Bila wewe hatoki chumbani mle."

"Ni kweli, Bi Harriet."

"Basi sema hapana. Si wewe utakayeulizwa. Sema mgongo unakuuma. Sema lolote."

"Atamwita mwingine."

"Hatakuwa na pumzi ya kumwita mwingine." Alimshika mkono wa koti. "Ukimtoa na akafa, nitasema mbele ya watu wote kwamba wewe ndiye uliyemuua. Nami sitakuwa nimesema uongo."

"Hapana," alisema Con. "Hutakuwa umesema uongo."

Jioni ile hakula. Tuliwekewa nyama ya kondoo na viazi, akavigeuzageuza kwenye sahani kama anayetafuta kitu alichokipoteza. Nilimwuliza anafikiri nini.

"Nafikiri kwamba nitamuua mzee wa watu," alisema, "halafu atafungua kinywa aseme binti aondoke. Nitakuwa nimewaua wawili kwa safari moja."

"Basi usimbebe."

"Na wewe, Walter, ungefanyaje?"

Nilimwomba anipitishie chumvi.

Ijumaa mvua ilinyesha kama iliyolipwa. Con alimvalisha jaji suruali mbili na sweta tatu chini ya joho, akamketisha kwenye kiti cha mikono cha hoteli, chenye maua ya waridi makubwa kama kabichi. Bi Harriet alisimama dirishani, mgongo kwetu, wala hakugeuka. Mwenye hoteli alitufuata hadi mlangoni akilalamika kwamba kile kiti kilitoka Uingereza.

"Walter, shika nyuma," alisema Con. "Na kama ukitaka kuteleza, teleza sasa, si kwenye ngazi."

Tulimweka kwenye gari la farasi, tukamfunika turubai. Tulipofika tulimpandisha ngazi za nyuma. Kila hatua nilisikia kifua cha jaji kikikoroma kama kuku aliyekabwa. Con alikuwa akimnong'oneza, "Bado kidogo, Mheshimiwa, bado kidogo," kwa sauti ambayo nadhani aliwahi kuitumia kwa abiria wajawazito.

Ukumbi ulijaa. Ada Safulu alikuwa amesimama kati ya askari wawili, nguo yake ya kanisani imepigwa pasi, kofia mkononi. Mama yake aliruhusiwa kuingia akakaa mbele. Majaji walipoingia na watu kuona kiti chenye waridi kinabebwa nyuma yao, hakuna aliyecheka.

Walisoma kwa cheo. Wa kwanza alisema rufaa itupwe. Wa pili alisema ikubaliwe. Wa tatu, ikubaliwe. Wa nne alikuwa jaji wangu mimi, mtu mwema ambaye bado namheshimu, naye alisoma kurasa nyingi kwa sauti ya upole na mwishowe akasema itupwe. Wakati wote huo Haverfield alikuwa amefumba macho, na Con, aliyesimama nyuma yake, aliniambia baadaye kwamba mara mbili aliinama kusikiliza kama bado anapumua.

"Ndugu yangu Haverfield," alisema Jaji Mkuu.

Macho yalifunguka. Midomo ilitikisika. Hakuna kilichosikika ila mvua juu ya bati.

Wakili wa Serikali alisimama, na lazima nimtendee haki, hakusimama kwa furaha. "Waheshimiwa, samahani. Hatusikii. Hukumu isiyosikika si hukumu."

Jaji Haverfield aliinua kidole, akamwashiria Con ainame. Con akainama, kisha akanyooka.

"Mheshimiwa anasema nirudie maneno yake kwa sauti."

"Mpambe si jaji!" alisema wakili.

"Wala tarumbeta si mwanamuziki," alijibu Jaji Mkuu. "Jaji yupo hapa, anasikia. Akikosewa, atainua mkono. Endelea, Bwana Garrahy. Neno kwa neno."

Hivyo ndivyo mtoto wa Gympie alivyosoma hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini, bila karatasi, akiinama na kunyooka, akiinama na kunyooka, bila kujua sentensi inayofuata inakwenda wapi.

"Bunge lina uwezo wa kusema nani aingie nchini na nani atoke."

Akainama.

"Si kazi yangu kuuliza kama sheria hii ina huruma."

Ada alishusha macho. Con alimwona, nami nilimwona Con akimwona. Akainama tena, akabaki ameinama muda mrefu zaidi. Kisha akanyooka.

"Mama wa mrufani ni mwenyeji wa Malaita. Hilo halibishaniwi. Kwa kawaida mtoto huhesabiwa kwao mama yake."

Nyuma kuna mtu alisema "Basi," kama anayefunga mlango. Mele Safulu hakutikisika. Mkono wa jaji ulikuwa umetulia juu ya waridi za kiti, haukuinuka. Con hakuwa amekosea hata neno moja, ingawa nadhani asubuhi ile angetoa chochote awe amekosea.

Akainama.

"Lakini Bunge halikuandika 'mtoto wa mwenyeji'. Liliandika 'mwenyeji wa kisiwa'."

Akainama.

"Nimewasikiliza wenzangu wote wanne, na hakuna aliyeweza kunitajia kisiwa hicho. Mtu hawezi kurudishwa mahali ambapo hajawahi kuwapo."

Akainama. Safari hii hakunyooka. Tuliona kichwa cha jaji kikitikisika, kikirudia, na Con bado ameinama, kana kwamba hayaamini masikio yake na anaomba aambiwe mara ya pili. Jaji alimgusa begani. Hapo Con alisimama wima, akavuta pumzi, na ile sauti ya Toowoomba aliyokatazwa miaka mitatu ikamtoka yote.

"Rufaa imekubaliwa! Mrufani aachiliwe!"

Wanasema waliisikia hadi ng'ambo ya barabara. Mele aliinuka na kunyoosha mikono mbele yake, akitafuta hewani, na askari mmoja, bila kuamriwa na mtu, alimshika Ada kiwiko akampeleka pale mikono ilipokuwa. Siku iliyofuata meli iliondoka bila yeye, na mama na binti walipanda meli nyingine ya kwenda Mackay. Hatukupata habari zao tena. Mahakama haiwafuati watu majumbani mwao. Mwaka uliofuata Bunge lilibadilisha maneno ya sheria, ili waliozaliwa baharini nao wahesabiwe kwao mama zao. Hivyo hukumu ile ilimwokoa mtu mmoja tu.

Jaji Haverfield alifariki Jumanne, katika hoteli ileile, Con akiwa amemshika mkono.

Bi Harriet alitimiza neno lake. Kaburini, mbele ya majaji na mawakili na Gavana, alisema kwa sauti ya kawaida, "Huyu ndiye aliyemuua." Con alisimama kofia mkononi, hakujitetea. Alipoulizwa baadaye na vijana kama alijuta, alisema tu kwamba mzee alimwomba ambebe, akambeba, na kwamba yaliyobaki huyafikiria siku za mvua.

Kwa kanuni, jaji akifa mpambe wake hana kazi tena. Jaji Mkuu ndiye aliyesema abaki, awe mwitaji wa mahakama nzima. Akabaki. Amewafundisha wapambe kumi na wawili, na wote wanajua kukausha wigi. Vita vilimchukua mwanawe Desmond huko Ufaransa, naye alikosa kazini siku mbili tu, akarudi na kitambaa cheusi mkononi akaita mahakama kama kawaida.

Mwaka 1919, hapa Melbourne, bibi mmoja mwenye fimbo aliingia akaketi viti vya umma, akasikiliza kesi ya kodi ya mbao, kesi ambayo hata mawakili wenyewe walikuwa wakisinzia. Alikaa siku nzima. Jioni alipoinuka, Con alimfungulia mlango. Bi Harriet alisimama kizingitini, akamtazama kwa muda.

"Bado unaita kwa nguvu mno," alisema.

"Ndiyo, Bi Harriet."

"Asante, Garrahy." Akashika reli ya ngazi akashuka. Hakurudi tena, na miaka miwili baadaye tulisoma habari za kifo chake. Con alikwenda mazishini peke yake, akasimama nyuma.

Sasa anahamia Queenscliff na mkewe Bridie, ambaye amevumilia kuamshwa kila alfajiri na mtu anayefanya mazoezi ya koo bafuni. Ana kuku sita na mpango wa kuvua samaki, ingawa tunamtahadharisha kwamba samaki wakimsikia wataondoka wote kwenda Tasmania. Sherehe itakuwa katika chumba cha wapambe, Ijumaa hiyo baada ya kuahirishwa. Kutakuwa na pai za nyama, keki ya Bi Bridie na bia ya kutosha. Ameomba kusiwe na hotuba, nasi tumemdanganya kwamba hazitakuwepo.

Con, wapambe, makarani, waandishi, majaji, na hata wafagiaji wa ukumbi tunakushukuru. Tunakuombea afya, bahari tulivu, na usingizi mzuri siku za mvua. Miaka yote hii umesimama ili wengine waketi. Keti sasa, Bwana Garrahy.

Walter Nankervis
Chumba cha Wapambe, Melbourne